Lami ina sheria ya uzito, shingo haina

Katika soko la Muyinga kuna mama anayeuza mchele na maharage ambaye huweka picha yake ya eksirei chini ya mizani, ndani ya bahasha ya kahawia, pamoja na daftari la madeni. Nilikwenda kumwuliza habari za ushuru. Alinijibu kwa kifupi, kisha akaitoa ile bahasha. "Mwanangu, wewe umesoma. Nisomee hapa wameandika nini."

Ripoti ilikuwa ya Kifaransa, imetoka hospitali moja ya Gitega, na Kifaransa cha mama kinaishia kwenye salamu na hesabu. Alikwisha kuivusha mpaka hadi Ngara akampa mwuza dawa. Yule naye akaigeuza mbele na nyuma, kisha akamwuzia vidonge. Miezi minane alikaa na karatasi hiyo. Kijana wa jirani anayesoma sekondari alimtafsiria mstari mmoja tu, na mstari huo ndio uliomnyima usingizi: shingoni mwake kuna midomo ya kasuku.

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Midomo ya kasuku ndiyo jina ambalo madaktari waliosomea Kifaransa wamezoea kuliita lile oteo la mfupa linalojitokeza ukingoni mwa pingili za shingo au mgongo. Kwenye picha huonekana lina ncha iliyopinda kama mdomo wa ndege huyo, basi jina likashika. Waliosomea Kiingereza husema osteofiti. Mitaani Dar es Salaam utasikia "mifupa imeota" au "pingili zimesagika". Ni kitu kilekile chenye majina matatu, na mgonjwa ni mmoja, anavuka mpaka na karatasi ambayo upande wa pili haisomeki.

Kazi yangu ni kuandika habari za Jumuiya: itifaki, vikwazo vya biashara, mikutano ya mawaziri Arusha. Katika ajenda zote nilizowahi kushika mkononi sijaona neno shingo. Lakini simama asubuhi moja tu pale Kobero, utazame upande wa Kabanga. Malori yamepanga foleni yao, maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja, mihuri inagongwa. Kando ya foleni hiyo ndipo inapopita biashara nyingine: magunia kichwani, magunia mgongoni, mabeseni ya dagaa, baiskeli iliyobebeshwa hadi mwendeshaji haonekani, inasukumwa na watu wawili. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni nchini Burundi umeongeza safu hiyo. Gari likikosekana kati ya Muyinga na Gitega, mzigo haukai ukasubiri. Unatafuta baiskeli, na baiskeli ikikosekana unatafuta kichwa cha mtu.

Nirudi kwenye karatasi ya mama, maana nilimweleza kwa muda mrefu na nadhani wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wana karatasi kama hiyo nyumbani, au wataipata.

Uti wa mgongo (na hapa sisemi ile homa ambayo wengi wetu huifupisha kwa jina hilo) ni mnara wa pingili. Zile zinazocheza ni 24: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno. Kati ya pingili na pingili, isipokuwa zile mbili za juu kabisa, kuna kipande kinachoitwa diski. Katikati yake kuna ute mzito uliojaa maji. Pembeni kuna nyuzi ngumu zilizozungushwa tabaka juu ya tabaka. Diski ndiyo inayopokea uzito, na ndiyo inayokuwezesha kugeuka kumtazama anayekuita nyuma.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani ya moyo wake. Inakula kama sifongo. Ikibanwa, maji hutoka. Ikiachiwa, maji hurudi yakiwa na chakula. Ndiyo maana binadamu huamka asubuhi akiwa mrefu kidogo kuliko alivyokuwa jioni, kwa kiasi cha sentimita moja hivi: usiku kucha diski zimekuwa zikinywa. Kadiri miaka inavyokwenda, ute hupungua maji, nyuzi za pembeni hupata nyufa, na diski hupungua kimo. Hapo ndipo daktari anapoandika kwamba diski imechakaa.

Diski ikishuka, pingili zinakaribiana, kano zilizozishika zinalegea, kiungo kinaanza kuyumba. Mwili nao hujibu kama mwenye kibanda aliyeona nguzo yake inacheza: anapigilia mbao pembeni. Mfupa huota ukingoni ili kitako cha kubebea kipanuke. Mdomo wa kasuku, basi, kwa asili yake ni ukarabati. Matatizo huanza mbao zinapoziba mlango. Mishipa ya fahamu hutoka kwenye uti kupitia vitundu vidogo pembeni mwa pingili. Mfupa ulioota au diski iliyobenuka ikiusonga mshipa pale shingoni, maumivu hushuka begani na mkononi kama umeme, na ganzi hushika vidole. Mara nyingi huwa kidole gumba au cha kati, kutegemea mshipa ulioguswa. Kiunoni, maumivu hufuata tako na mguu. Na kama kinachosongwa ni uti wenyewe, ule mkonge mkuu wa fahamu unaopita katikati, hiyo ni habari nyingine, nitaifikia.

Mama alinisikiliza, kisha akauliza swali lenye akili kuliko maelezo yangu: "Kwa hiyo jirani yangu hapa, ambaye haumwi, yeye hana hivyo vidomo?"

Huenda anavyo. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha tafiti za picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 tayari walikuwa na diski zilizochakaa. Wenye miaka 50 walikuwa asilimia 80, na wenye miaka 80 walifika asilimia 96. Watu hao walikuwa wazima, wanatembea, wanafanya kazi. Picha peke yake haihukumu mtu. Ripoti inaweza kuorodhesha midomo minne ya kasuku na maumivu yako yakawa yanatoka kwenye misuli iliyochoka tu. Mama alipoambiwa hivyo alishusha pumzi ndefu, nami nikafikiria miezi minane aliyoipoteza kwa hofu kwa sababu hakuna aliyekaa naye dakika kumi.

Sasa nafika kwenye gunia, na hapa lazima niwe mwaminifu, maana najua wapo watakaonipinga.

Je, kubeba mizigo ndiko kunakochakaza diski? Watafiti waliochunguza mapacha nchini Finland, mmoja wa kazi ngumu na mwenzake wa kazi nyepesi, walikuta tofauti ndogo kuliko ilivyotarajiwa katika diski za kiuno; urithi wa familia ulikuwa na nguvu zaidi kuliko kazi. Kwa hiyo anayesema kila maumivu ya mgongo yameletwa na gunia, anazidisha. Kuna nasaba, kuna umri, kuna sigara. Lakini Wafini hao hawakubeba kichwani. Kwa shingo inayobeba, ushahidi una sura nyingine: mwaka 1997 jarida la Skeletal Radiology lilichapisha utafiti wa picha za shingo uliolinganisha watu wanaobeba mizigo kichwani na wasiobeba, na wabebaji walionekana wamechakaa pingili na diski za shingo zaidi sana. Idadi ya waliochunguzwa ilikuwa ndogo, lakini mwelekeo haukuwa na utata. Uzito ukisimama juu ya utosi hauna njia nyingine ya kushuka isipokuwa kupitia pingili saba za shingo, ambazo ni nyembamba kuliko za kiuno kwa sababu ziliumbwa kubeba kichwa, na kichwa cha mtu mzima kina kilo tano hivi.

Kuna utafiti mwingine ambao wanaosifu ustadi wa mama zetu hupenda kuutaja, nao ulifanyika Kenya na kuchapishwa katika jarida la Nature mwaka 1986. Wanawake wa Kiluo na Kikikuyu walipimwa pumzi wakitembea na mizigo, ikaonekana kwamba wanaweza kubeba kichwani hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada. Wazungu waliofanya zoezi lilelile na mabegi mgongoni walihema. Habari nzuri, tujivunie. Lakini piga hesabu: asilimia 20 ya mama mwenye kilo 60 ni kilo 12. Hiyo ni ndoo ndogo ya maji. Baada ya hapo kila kilo ina bei yake, hata kama ngata imesukwa vizuri namna gani. Ngata, au ingata kama wasemavyo Burundi, hulinda ngozi ya utosi na kuusawazisha mzigo. Haipunguzi hata gramu moja kwenye shingo.

Na mzigo wa Kobero si kilo 12. Saruji ni kilo 50 kwa mfuko. Mchele na mahindi hutegemea aliyeshona gunia, na hapo ndipo tunapoingia kwenye neno ambalo kila mfanyabiashara wa Afrika Mashariki analijua hata kama hajui Kiswahili kingine: lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linavalishwa kilemba cha wavu au cha gunia lingine, linashonwa juu, na bei inabaki ya gunia moja.

Wapagazi wa karne ya 19, wale walioitembea njia ya Tabora hadi Bagamoyo kwa miguu, walikuwa na kipimo. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa takribani frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Yalikuwa maisha magumu na wengi walifia njiani, siwapambi. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi aliyeongezewa mzigo alikuwa na desturi ya kuutua chini na kugoma, na wenye misafara waliandika malalamiko yao kuhusu hilo katika vitabu vyao. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kijana anayelipwa kwa gunia pale mpakani anabeba mara mbili ya mzigo huo, wakati mwingine mara tatu. Hana wa kumgomea, maana nyuma yake wapo kumi wanaoitaka kazi hiyo.

Sheria zipo, ila kila nchi na yake. Tanzania, chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, imekataza mazao ya shambani kufungashwa zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo hukamata lumbesa mara kwa mara. Hata hivyo kilo 100 ni kipimo cha kumlinda mkulima asipunjwe; mbebaji hakuwamo katika hesabu hiyo. Kenya ilikwenda mbele zaidi kwa viazi: kanuni za mwaka 2019 zimeweka mwisho kilo 50, ingawa utekelezaji wake huja na kupotea. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 mwaka 1967 kuhusu mzigo unaobebwa na mtu mmoja, na pendekezo lililofuatana nao likataja kilo 55 kuwa mwisho kwa mwanamume mzima, na kwa mwanamke iwe chini ya hapo kwa kiasi kikubwa. Siku hizi hata hizo 55 zinaonekana nyingi. Uingereza, mwongozo wa usalama kazini unazungumzia kilo 25 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke, tena mzigo ukiwa usawa wa kiuno, na saruji dukani huuzwa mfuko wa kilo 25.

Jumuiya yenyewe je? Hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2013. Lori lisizidi tani 56 pamoja na mzigo wake. Kila ekseli ina kikomo chake. Kuna mizani barabarani, kuna faini, kuna maofisa, na lengo lake limeandikwa bila kuficha: kuilinda barabara isiharibike kabla ya wakati. Wabunge walikaa wakajadili ni tani ngapi lami inaweza kustahimili. Sijasikia mjadala wa namna hiyo kuhusu ni kilo ngapi shingo ya mtu inaweza kustahimili, ilhali barabara ikibomoka hukarabatiwa kwa mkopo wa benki, na diski ikibomoka hakuna benki inayokopesha nyingine.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinapimika. Jumuiya iweke kiwango kimoja cha ufungashaji kwa mazao yanayovuka mipaka: kilo 50 mwisho kabisa, na kilo 25 kwa mizigo inayovushwa na wafanyabiashara wadogo kwa mikono. Kipimwe palepale Kobero na Kabanga, kwa mizani ileile inayotumika kukadiria ushuru. Na ziwepo toroli. Mnaovuka kati ya Goma na Gisenyi mnajua jinsi baiskeli za magurudumu matatu za wenzetu wenye ulemavu zinavyovusha shehena kila siku. Na Goma wamejenga hata sanamu ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili. Gurudumu si teknolojia ya kusubiri wafadhili. Pale Kobero inatosha kuachiwa njia yake kando ya malori, yenye mteremko laini badala ya ngazi na mashimo, na fundi wa mbao wa Muyinga atamaliza kazi iliyobaki.

Najua pingamizi. Magunia mawili badala ya moja ni mifuko miwili ya kununua, mishono miwili, na mbebaji atadai malipo mawili. Ni kweli, na atakuwa na haki. Lakini tuseme wazi nani anayeishikilia lumbesa. Mkulima haipendi, inampunja. Mbebaji haipendi. Serikali haipendi, inaikosesha mapato. Anayeipenda ni mnunuzi wa jumla, yaani wewe na mimi tunayemwandikia, kwa sababu kile kilemba cha juu ndiyo faida yake. Mama wa Muyinga mwenyewe alinikiri kwamba kwa miaka mingi alichagua wauzaji kwa urefu wa kilemba. Kisha akaligusa bega lake la kulia.

Kuna na suala la njia za panya, ambalo tukilikwepa hapa tutakuwa tunajidanganya. Mzigo mkubwa wa kichwani mara nyingi huenda milimani usiku, kwa kuogopa maofisa. Huko hakuna toroli itakayofika, na kuteleza na mzigo kichwani ni hatari kwa shingo kuliko miaka mingi ya kuubeba kwenye njia tambarare. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya unamruhusu mwenye bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa, za thamani isiyozidi dola 2,000, apate cheti cha asili palepale mpakani na kuvuka bila kulipa ushuru wa forodha. Bado kuna kodi nyingine, bado kuna usumbufu, na wapo maofisa wanaojifanya hawaijui orodha hiyo. Lakini mwenye karatasi anapita mchana, kwenye lami, na anaweza kusukuma badala ya kubeba.

Sasa vidonge. Mama alikuwa navyo vitatu vya rangi tofauti, amevifunga kwenye kipande cha nailoni. Kimoja kilikuwa diklofenaki. Hicho kinapunguza maumivu kweli, lakini kikimezwa kila siku kwa miezi kinachubua tumbo hadi kutoa damu, kinaumiza figo, na kinapandisha shinikizo la damu. Kingine nilikitambua: deksamethasoni. Ndugu zangu, dawa hiyo ina kazi zake hospitalini, lakini imekuwa pipi ya mipakani. Inakupa nafuu ya siku mbili tatu, inakuvimbisha uso ukadhani umenenepa, inapandisha sukari, na ukiizoea inalainisha mifupa, ile ile unayotaka kuitibu. Na aliyeitumia muda mrefu asiiache ghafla bila daktari, maana nako kuna hatari. Dawa za "mitishamba" zinazoondoa maumivu ya mgongo ndani ya saa moja zishukiwe kwa sababu hiyohiyo.

Kinachosaidia wengi ni kitu kisichouzwa kwenye kifungu cha nailoni. Diski iliyobenuka na kusonga mshipa, mara nyingi hupoa yenyewe ndani ya wiki au miezi kadhaa bila kisu. Kulala kitandani wiki nzima hakuiponyeshi, hudhoofisha misuli. Bora kuendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Linasisitiza mazoezi, tiba ya mikono na kumweleza mgonjwa hali yake, na linashauri dhidi ya ile mikanda ya kubana kiuno inayouzwa masokoni kwa bei kubwa, kuvutwa mgongo, na dawa za jamii ya afyuni. Shirika hilo lina sababu ya kujali: mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno, na makadirio ya mwaka 2050 ni milioni 843. Gitega kipo kituo cha taifa cha viungo bandia na mazoezi tiba. Watu wengi wa Muyinga wanadhani ni cha waliokatwa miguu peke yao.

Ila kuna dalili ambazo hazisubiri. Mikono ikianza kuwa mizito hata kufunga vifungo vya shati au kuhesabu noti ni shida, miguu ikawa inakwaruza chini au kuyumba kama mlevi, huenda uti wenyewe unasongwa shingoni. Hapo upasuaji ukichelewa kilichopotea hakirudi. Ganzi ikishika sehemu za siri, mkojo au choo kikakosa kizuizi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, hayo huenda hayahusiani na gunia hata kidogo. Kifua kikuu hushika pia mifupa ya mgongo, na katika ukanda wetu si jambo la nadra. Kinatibika kwa dawa. Kikikandwa na mganga miezi sita, mgongo hupinda na miguu hupooza.

Swali la wapi pa kwenda linanirudisha kwa Jumuiya. Nchi wanachama zilipogawana vituo vya umahiri vya tiba, Uganda ilichukua saratani, Kenya figo, Tanzania moyo, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba, Burundi lishe. Mifupa na mgongo havikupata mwenyewe. Mrundi anayehitaji kupasuliwa shingo hutazama Bujumbura, na akikosa huko hufikiria Taasisi ya MOI pale Muhimbili, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kobero, kwa nauli na gharama zake mwenyewe. Bima yake, kama anayo, huishia mpakani. Gunia lake lina cheti cha asili kinachotambuliwa mpakani, ilhali ripoti yake ya eksirei haitambuliki Ngara, kilomita chache tu ng'ambo ya mpaka.

Hilo la mwisho ndilo rahisi kuliko yote. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Tuna kamisheni yake Zanzibar. Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki nayo ina makao yake Bujumbura. Wakae pamoja watoe karatasi moja ya rufaa, kurasa mbili, Kiswahili upande mmoja, Kifaransa au Kiingereza upande wa pili, yenye majina ya magonjwa ya kawaida yaliyokubaliwa. Na tume hiyo, ikiwa jirani kabisa, ituhesabie: wachukue wabebaji wa Kobero, Busia na Namanga, wapimwe mzigo na wapimwe shingo. Wabunge wa Arusha watakapouliza takwimu, na watauliza, ziwepo. Reli ya kutoka Uvinza kuja Musongati, ambayo inatazamiwa kufika Gitega, itakapoanza kushusha mabehewa, magunia yatatoka humo kwa maelfu. Nani atayapokea, na kwa sehemu gani ya mwili, ni jambo la kuamuliwa kabla treni haijapiga honi.

Nilipita tena Muyinga wiki iliyofuata. Mama alikuwa amekwenda Gitega, ameonana na mtaalamu wa mazoezi, amefundishwa manne ya kufanya asubuhi, na ameambiwa asirudie kubeba kichwani. Vidonge amevitupa, isipokuwa kimoja alichoruhusiwa. Juma hilohilo alikwenda kwa mwuzaji wake wa mchele ng'ambo ya Kabanga akamwomba amgawie gunia katika viroba vinne vya kilo 25. Mwuzaji alikubali, akamtoza bei ya viroba vitatu vya ziada, na kilemba hakumpa.